Majamvi 12 ya Eishoji: Habari za Kuanzishwa kwa Kodokan

Kila aanzishaye chuo cha peke yake angali kijana hukutana na maswali mawili mlangoni. La kwanza ni hili: ni nani aliyekupa ruhusa ya kufundisha? La pili ni hili: una deni gani kwa wale waliokufundisha? Ashindwaye kulijibu swali la kwanza huitwa mjuvi. Ashindwaye kulijibu la pili huitwa mtovu wa shukrani. Habari za Kodokan, chuo kilichoanzishwa Japani katika mwaka wa 1882, zafaa kutazamwa kwa maswali haya mawili. Maana mwanzilishi wake alikuwa na umri wa miaka 21 tu, na sanaa aliyoifundisha ilikuwa mali ya wazee.

Kano Jigoro alizaliwa katika mwaka wa 1860 huko Mikage, kijiji cha pwani karibu na Kobe, katika ukoo uliojulikana kwa utengenezaji wa pombe ya mchele. Baba yake hakujifunga na kazi ya ukoo. Alishughulika na vyombo vya bahari na kazi za serikali. Mama yake alifariki dunia mtoto angali hajatimiza miaka 10, na katika mwaka wa 1871 Jigoro akachukuliwa kwenda Tokyo kusoma. Alikuwa hodari wa masomo, hasa lugha za kigeni, lakini mwili wake ulikuwa mdogo. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikufika sentimita 160. Katika shule ya bweni aliyopelekwa, vijana wakubwa waliona raha kumpiga na kumdhalilisha. Akili ilimpa nafasi ya mbele darasani, na kimo kikampa nafasi ya nyuma uwanjani. Hapo ndipo aliposikia kuwa iko sanaa ya zamani iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mtu dhaifu aweza kumwangusha mwenye nguvu. Akatamani kuijua.

Kutamani kulikuwa rahisi kuliko kupata. Japani ya siku zile ilikuwa katika mageuzi makubwa. Katika mwaka wa 1868 utawala wa majemadari ulianguka na mfalme akarudishiwa mamlaka. Katika mwaka wa 1871 majimbo ya mamwinyi yakafutwa. Na katika mwaka wa 1876 tabaka la wapiganaji, waitwao samurai, wakakatazwa kuchukua panga hadharani. Walimu wa sanaa za mapigano, ambao zamani walilishwa na mamwinyi, walijikuta hawana mlezi wala wanafunzi. Baadhi yao walikuwa waganga wa mifupa, kwa kuwa mtu aliyezoea kutegua viungo hujua pia kuviunga. Wengine walifanya tamasha wakapigana mbele ya watu kwa kiingilio, na jambo hilo likaishusha sanaa yao machoni pa waungwana. Hati za siri zilizorithiwa kwa vizazi vingi zilionekana zikiuzwa kwa bei ya karatasi kuukuu. Baba wa Kano, kama wazazi wengi wa wakati ule, hakuona sababu ya mwanawe kujifunza jambo ambalo dunia imelitupa.

Kijana hakukata tamaa. Katika mwaka wa 1877, mwaka ule ule ambao Chuo Kikuu cha Tokyo kilianzishwa naye akawa mmoja wa wanafunzi wake, alishika njia ya busara: kwa kuwa walimu wa jujutsu wamegeuka kuwa waganga wa mifupa, yeye alitafuta waganga. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine akiuliza, mpaka mganga mmoja mzee, Yagi Teinosuke, akamwelekeza kwa Fukuda Hachinosuke, mwalimu wa madhehebu ya Tenjin Shin'yo. Fukuda naye alikuwa mganga mwenye chumba kidogo cha mazoezi na wanafunzi wachache.

Kisa kimoja cha chumba kile chastahili kukumbukwa, maana ndani yake mna mbegu ya mambo yote yaliyofuata. Siku moja Fukuda alimwangusha Kano kwa namna ambayo kijana hakuielewa. Akauliza mkono uwekwe vipi na mguu upite wapi. Mwalimu akamwambia aje, akamwangusha tena. Akauliza mara ya pili, akaangushwa mara ya pili. Akauliza mara ya tatu, akaangushwa mara ya tatu. Mwisho mwalimu alimjulisha kuwa mambo haya hayafahamiki kwa kuulizwa, hufahamika kwa kuyarudia mara nyingi. Kano alimheshimu Fukuda maisha yake yote, na katika hili mwalimu hakukosa. Mwili una elimu yake ambayo ulimi hauiwezi. Lakini kijana aliyekuwa akisomeshwa chuoni kutafuta sababu ya kila jambo hakuridhika. Mwanafunzi kumheshimu mwalimu ni jambo moja, na kuridhika na jibu lake ni jambo jingine.

Katika chumba kile kile alikuwamo mwanafunzi mwenziwe, Fukushima Kanekichi, mtu mkubwa wa mwili, ambaye Kano hakumweza hata kidogo. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Kano alikubali kushindwa, kisha akaenda kutafuta dawa ya kushindwa kwake. Kwanza alijifunza mbinu za mieleka ya Kijapani iitwayo sumo, hazikumfaa. Baadaye alikwenda maktabani akafungua vitabu vya mieleka ya nchi za Magharibi, akaona humo namna ya kumtia mtu mabegani na kumzungusha. Alipoijaribu kwa Fukushima, jabali lile likaanguka. Mbinu hiyo, iitwayo kata-guruma, ingali ikifundishwa hata leo. Mwenye madhehebu ya zamani angeona haya kukopa kwa mgeni; kijana huyu hakuona haya.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1879 Fukuda alifariki dunia. Familia yake ilimkabidhi Kano hati za mwalimu, naye akawa msimamizi wa chumba kile akiwa na miaka 18. Basi ikiwa ni suala la ruhusa, aliipata mapema mno, na mtu mwingine angetosheka nayo. Yeye aliona kuwa amepewa hati kabla hajapata elimu ya kutosha kuzibeba. Akaenda kwa Iso Masatomo, mkuu wa madhehebu hayo hayo, akawa mwanafunzi tena. Iso naye alifariki katika mwaka wa 1881. Ndipo Kano akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi, mwalimu wa madhehebu mengine yaitwayo Kito. Watu wa Tenjin Shin'yo walikuwa mabingwa wa kukaba, kubana na kupiga; watu wa Kito walikuwa mabingwa wa kubwaga. Kwa kutoka mlango mmoja na kuingia mwingine, Kano alitambua jambo ambalo aketiye katika nyumba moja maisha yake yote hawezi kulitambua: kila madhehebu ilikuwa na sehemu ya ukweli, na kila moja ilidhani kuwa sehemu yake ndiyo yote.

Mwaka wa 1881 alihitimu masomo ya siasa na uchumi chuoni, akaongeza mwaka mmoja wa kusoma falsafa na maadili. Mwaka wa 1882 alianza kazi ya ualimu katika Gakushuin, shule ya watoto wa masharifu. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, alihamia katika hekalu la Kibudha la Eishoji, mtaa wa Shitaya mjini Tokyo, akapanga vyumba pamoja na vijana wachache aliowalea. Mwezi wa Mei akafungua chuo. Chumba cha mazoezi kilikuwa cha majamvi 12; yaani yale majamvi mazito ya Kijapani yaliyoshindiliwa majani ya mpunga, ambayo kwa hesabu yake watu wa nchi ile hupimia vyumba. Eneo lote halikuzidi sana mita 20 za mraba. Watu wanne wakianguka mara moja katika nafasi kama ile, hapana pa kukanyaga.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa 9. Wa kwanza huhesabiwa kuwa Tomita Tsunejiro, kijana aliyekuwa ameishi na Kano kabla ya hapo. Mwezi wa Agosti akaingia Saigo Shiro, kijana mfupi wa miaka 16 kutoka nchi ya Aizu. Karo haikutozwa. Mavazi ya mazoezi aliyanunua mwalimu. Chakula cha waliolala pale alikitoa mwalimu. Na mshahara wa shule usipotosha, mwalimu alikesha akifanya kazi ya kufasiri vitabu vya kigeni ili apate fedha za ziada. Wenye hekima ya biashara wangesema kuwa chuo cha namna hii hakiwezi kudumu. Walakini hasara ile ilinunua kitu: mwalimu asiyemtegemea mwanafunzi kwa chakula chake aweza kumwambia mwanafunzi ukweli, na aweza kumfukuza akiharibika.

Hekalu ni mahali pa utulivu, na jujutsu si sanaa ya utulivu. Kila mtu alipobwagwa, nyumba ilitetemeka. Vibao vya kumbukumbu ya wafu viliruka vikaanguka kutoka mahali pake. Mbao za sakafu zikalegea. Usiku, Kano na wanafunzi wake waliwasha taa wakatambaa chini ya sakafu kuzitengeneza mbao zilizovunjika mchana. Kasisi mkuu wa hekalu, ambaye mwenyewe alimpenda kijana yule, alisema kwamba Kano ni mtu mwema kwa kila jambo, ila mazoezi yake hayavumiliki. Mwisho ilibidi chuo kihame, kikahama tena na tena katika miaka iliyofuata. Apendaye kuona mwanzo wa mambo makuu asitafute nguzo za marmari. Mara nyingi ataona taa ndogo chini ya sakafu ya nyumba ya watu.

Sasa lirudiwe swali la ruhusa. Kodokan ilikuwa chuo huru tangu siku ya kwanza, maana haikuwa tawi la madhehebu yoyote. Lakini mwanzilishi wake hakudai kuwa amemaliza kujifunza. Kwa muda wa kwanza Iikubo alikuja Eishoji mara mbili au tatu kwa juma kuwafundisha vijana, na Kano, mwenye chuo, akawa mwanafunzi mbele ya wanafunzi wake. Tendo hili laweza kuonekana dogo. Kwa hakika ni gumu kuliko kubwagwa, kwa sababu kijana aliyepata cheo kwanza huficha kwamba yuko aliye juu yake. Kano hakuficha, na kwa kutoficha aliwafundisha wanafunzi wake somo ambalo halikuandikwa katika hati yoyote.

Kisha ikafika siku ambayo uhuru haukuweza kuepukwa. Kano alikuwa amechunguza kwa muda mrefu kwa nini mtu huanguka. Aliona kuwa mtu asimamaye wima ni kama nguzo iliyochimbiwa, na kumng'oa kwa nguvu ni kazi ya mwenye nguvu kumzidi. Lakini akivutwa au akisukumwa kidogo mpaka uzito wake uhamie kwenye ncha za vidole, au kwenye kisigino, au pembeni mwa unyayo mmoja, huwa tayari ameanguka, na aliyebaki kufanya kazi ni mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda chini. Kuvunja mizani kwanza, kisha kubwaga: ndiyo siri aliyoigundua. Siku moja alifanya mazoezi na Iikubo, mzee aliyepita miaka 50 ambaye kwa kawaida alimwangusha Kano apendavyo. Siku hiyo mwalimu hakumwangusha hata mara moja, na kila mara mwanafunzi alipobwaga, mwalimu alikwenda chini. Iikubo alistaajabu akauliza sababu. Kano akamweleza. Mzee alitafakari, kisha akasema kuwa ni kweli, na kwamba tangu leo hana la kumfundisha. Aendelee kufanya uchunguzi na vijana wake. Katika mwaka wa 1883 alimpa hati ya madhehebu ya Kito, ambayo wanavyuoni wa pwani wangeiita ijaza, pamoja na vitabu vyake.

Hapa yaonekana tofauti ya walimu wawili na heshima ya kila mmoja. Fukuda aliulizwa sababu akajibu kwa kuangusha. Iikubo aliangushwa akauliza sababu. Mwalimu wa kwanza alimpa Kano mwili wa sanaa. Wa pili alimpa ruhusa ya kuwa na akili yake mwenyewe ndani ya sanaa hiyo. Kijana hawezi kujipa ruhusa ya namna hii, hata awe shujaa namna gani. Huipata kwa mkubwa awezaye kushindwa bila kukasirika, na wakubwa wa namna hiyo ni wachache katika kila nchi.

Sanaa yake Kano hakuiita jujutsu, aliiita judo. Neno hili halikuwa geni kabisa, maana yalikuwako madhehebu ya zamani yaliyolitumia, naye hakulificha hilo. Kwa sababu hiyo alisema judo ya Kodokan, ili asichukue haki ya wengine. Katika jina la zamani, sehemu ya mwisho maana yake ni ufundi. Katika jina jipya, maana yake ni njia. Kodokan maana yake ni nyumba ya kufundishia njia. Vyuo vingi vya sanaa huitwa kwa jina la mwanzilishi au la ukoo wake. Chuo hiki kiliitwa kwa jina la kazi yake. Aliyekipa jina hilo alikuwa tayari anakitazamia kuishi kuliko yeye.

Mageuzi ya mafundisho yalifuata. Mbinu za kupiga, na zile za kuvunja viungo ambazo zingemlemaza mwenzi, ziliondolewa katika mazoezi ya kushindana, zikahifadhiwa katika mazoezi ya mpango ambayo kila mtu ajua mwenziwe atafanya nini. Kuanguka kulifundishwa kwa uangalifu, kwa kuwa mwanafunzi asiyeogopa kuanguka hujaribu mambo ambayo mwoga hayajaribu. Sababu za kila mbinu zilielezwa kwa maneno. Mfano aliopenda kuutoa ni huu: mtu mwenye nguvu 10 akikusukuma nawe una nguvu 7, ukishindana naye utashindwa hata ukijitahidi vipi, lakini ukimwachia kwa kadiri ya msukumo wake, ataelemea mbele na mizani yake itapotea, na katika hali hiyo nguvu zake zitakuwa 3 tu, nawe ungali na 7 zako.

Alibadili pia namna ya kupandisha vyeo. Katika madhehebu ya zamani ngazi zilikuwa chache na kati ya moja na nyingine ilipita miaka mingi. Kijana alichoka kabla ya kufika. Kano alitengeneza daraja nyingi zilizokaribiana, kwa mfano wa vyeo vya mchezo wa bao la Kijapani uitwao go. Mwaka wa 1883 Tomita na Saigo walipewa daraja la kwanza la ubingwa, liitwalo shodan. Na tangu miaka ya 1880 mabingwa wakaanza kufunga mshipi mweusi. Mamilioni ya watu duniani ambao leo hutazamia mshipi huo katika sanaa mbalimbali za mapigano huifuata desturi iliyoanzia kwa vijana wachache wa chuo hiki.

Walakini yafaa kusema ukweli wote. Mwaka wa 1884 chuo kiliweka kiapo chenye ahadi tano. Kila aingiaye aliahidi kuwa hataacha mafunzo bila sababu ya haki, hatakitia chuo aibu, hatayatoa mafundisho kwa wasiohusika bila idhini, hatafundisha bila ruhusa, na atazishika kanuni akiwa mwanafunzi na hata akiwa mwalimu. Kijana aliyetoka katika madhehebu ya siri, akafungua dirisha ili hewa iingie, naye aliweka komeo mlangoni. Je, alijipinga? Kwa sehemu, ndiyo. Kila uhuru ukisha kupata nyumba huanza kufikiri habari za kufuli. Lakini desturi mbaya zilizoiangusha jujutsu, yaani tamasha za kiingilio na ugomvi wa mitaani, zilikuwa mbele ya macho yake, naye alijua kwamba wanafunzi 9 wazuri hawataweza kufuta aibu ya mmoja mbaya.

Mtihani wa hadharani ulikuja katika nusu ya pili ya miaka ya 1880, polisi wa Tokyo walipowakutanisha mabingwa wa madhehebu mbalimbali ili wapate walimu wa askari wao. Wapinzani wakubwa walikuwa wanafunzi wa Totsuka, wa madhehebu ya Yoshin, waliokuwa wengi na wenye sifa. Wasimulizi hawapatani juu ya mwaka na idadi ya mapambano, na riwaya na filamu zimeongeza chumvi; lakini hapana abishaye kuwa Kodokan ilitoka na ushindi mkubwa, na kuwa Saigo, yule kijana mfupi wa Aizu, pamoja na Yokoyama Sakujiro na Yamashita Yoshitsugu, waliwashangaza watazamaji. Usione wembamba wa reli, husema watu, gari moshi hupita. Tangu hapo polisi walichukua walimu kutoka Kodokan, na wanafunzi wakaongezeka mwaka hata mwaka.

Hata hivyo mwanzilishi hakutaka chuo chake kijulikane kwa kubwaga watu tu. Katika mwaka wa 1884 wachunguzi wa Wizara ya Elimu walikuwa wametoa maoni kwamba jujutsu haifai kuwa somo la shule, kwa hatari yake na kwa kutolinganisha mwili. Kano hakuwajibu kwa matusi. Aliendelea kufanya kazi, na mwezi wa Mei mwaka wa 1889 alisimama mbele ya chama cha waelimishaji, Waziri wa Elimu Enomoto Takeaki akiwapo, akaeleza kwa utaratibu jinsi judo iwezavyo kuwa zoezi la mwili, sanaa ya kujilinda, na malezi ya akili na tabia. Mwaka huo huo akasafiri kwenda Ulaya kutazama shule za huko. Kazi yake kuu ya mshahara ilikuwa elimu: kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu mjini Tokyo, na alianzisha masomo kwa wanafunzi waliotoka China, miongoni mwao Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa taifa lake. Mwaka wa 1911 serikali ilikubali sanaa hizi zifundishwe katika shule za kati. Majibu kwa wachunguzi wa 1884 yalichukua miaka 27.

Limebaki swali la deni. Kuna njia mbili za kulilipa deni la walimu: kufanya walivyofanya, na kuhifadhi walichokifanya. Njia ya kwanza Kano aliikataa, maana angeifuata Kodokan isingalizaliwa. Njia ya pili aliishika kwa uaminifu. Mazoezi ya mpango ya madhehebu ya Kito aliyarithi kwa Iikubo akayaweka ndani ya judo karibu kama yalivyokuwa, kwa jina la koshiki-no-kata, ingawa asili yake ni mapigano ya watu waliovaa deraya, jambo ambalo hakuna alitendaye tena. Mwaka wa 1906, alipokuwa na cheo na umaarufu, aliketi mjini Kyoto na wakuu wa madhehebu mbalimbali ya jujutsu, wakakubaliana kwa pamoja juu ya mazoezi yafaayo taifa zima. Hivyo hao walioshindana na chuo chake katika ujana wake waliingiza mkono wao katika mafundisho yake.

Deni hili lina upande wa pili: mwalimu naye hudaiwa na wanafunzi. Katika mwaka wa 1890, Kano akiwa Ulaya na chuo kikiwa mikononi mwa vijana wake, Saigo Shiro aliondoka Kodokan. Alikuwa nyota ya chuo. Aliacha judo, akaenda kukaa Nagasaki, akafanya kazi ya gazeti, wala hakurudi. Kwa kanuni za kiapo, huyu alikuwa mtu wa kulaumiwa. Alipofariki dunia mwaka wa 1922, Kano alimpa daraja la sita la ubingwa na kutaja sifa zake katika ujenzi wa chuo. Heshima ile ilimfika mtu asiyeweza kuipokea. Lakini yaonyesha kwamba mwalimu aliyepata kuachiwa na Iikubo aende zake alijifunza, baada ya miaka 32, kumwachia mwanafunzi naye aende zake.

Chuo kilikua. Kutoka majamvi 12 ya Eishoji kilifika majamvi 107 katika miaka ya 1890, na zaidi ya 500 katika jengo jipya la 1934. Mwaka wa 1909 Kano alikuwa mtu wa kwanza wa Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka wa 1926 Kodokan ilifungua idara ya wanawake. Mwezi wa Mei mwaka wa 1938 mwanzilishi alifariki dunia baharini, katika meli Hikawa Maru, akitoka katika mkutano wa Olimpiki uliofanyika Cairo. Baada ya vita kuu ya pili wakuu wa majeshi yaliyoikalia Japani walipiga marufuku judo mashuleni, kwa kuwa watawala wa vita waliitumia kuandaa askari. Mwaka wa 1950 ikarudishwa. Na mwaka wa 1964, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Tokyo, judo iliingizwa kwa mara ya kwanza, na pambano la wazi lisilo na mipaka ya uzito likashindwa na Mholanzi, Anton Geesink. Wajapani wengi ukumbini walilia siku hiyo. Kwa watu waliodhani kuwa judo ni mali ya taifa, ulikuwa msiba. Kwa chuo kilichoanzishwa na mtu aliyekopa mbinu katika kitabu cha kigeni ili amwangushe Fukushima, ilikuwa ni mkopo kurudi ulikotoka.

Atakaye kuanzisha chuo chake angali kijana ataona katika habari hizi kwamba ruhusa hutafutwa kwa kujifunza zaidi ya ile iliyokwisha kutolewa, na deni hulipwa kwa kuhifadhi bila kuiga. Wala asidhani kuwa maswali yale mawili huisha siku ya kufungua mlango. Kano aliyajibu kwa miaka 56, na jibu la mwisho, lile la Saigo, alilitoa akiwa mzee.